Chumvi Yenye Mkia

Bolgatanga, 4 Oktoba

Dada Dede,

Salamu zikufikie wewe, zimfikie na Mama popote alipokaa jioni hii na mdomo wake usiokosa la kusema. Mimi ni mzima. Miguu inauma kwa kutembea, lakini miguu si kitu.

Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuutupa. Subiri kwanza. Nilikupigia simu hukupokea, sasa hata haiiti, na Narh wa lori anasema ilikuponyoka ziwani ikafa kwa maji ya chumvi. Basi nakuandikia, naye atakuletea akishashusha chumvi yenu huku na kupakia vitunguu. Ni yeye aliyeniambia kwamba Mama alishikwa na kizunguzungu sokoni Kasseh mpaka wanawake wawili wakamkalisha juu ya gunia. Ni kweli? Na miguu yake inavimba? Mbona hakuna aliyeniambia? Tangu jana nakaa nasimama, nasimama nakaa.

Dada, ni mwaka na miezi miwili tangu tumzike Baba, na hatujasemezana. Nilisema mbele ya waombolezaji kwamba chumvi yetu ndiyo iliyomwangusha, nikaapa sitaitia kinywani tena. Hapakuwa mahali pake. Lakini Baba alikufa kwa kiharusi, presha yake tuliijua wote, na Mama anayo hiyo hiyo. Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Kazi yangu huku ni kuingia majikoni na mizani ndogo, kupima chumvi wanayokula watu. Vijiji vingine tunavipa chumvi mpya bure, vingine vinaendelea na ya zamani, mwisho tulinganishe presha zao. Hii mpya wamepunguza kile kinachopandisha presha, wakatia madini ya potasiamu, ambayo yamo hata kwenye ndizi na maharage. Nchi za mbali wameshaijaribu miaka mingi. Waliopata kiharusi kati ya walioila walikuwa wachache kuliko kati ya walioendelea na ya kawaida. Dada, wachache! Nilipolisoma hilo nilimwona Baba.

Nimempa Narh sanduku lenye pakiti kumi na mbili. Usiniulize nimezipataje. Mpikie Mama kwa hiyo tu. Mara ya kwanza ataona uchungu kidogo unabaki nyuma ya ulimi. Bibi mmoja huku anaiita chumvi yenye mkia. Lakini siku tatu nne mtu huzoea.

Nijibu hata kwa matusi.

Mdogo wako,
Korkor


Songor, 25 Oktoba

We Korkor,

Mama hajambo, mimi sijambo, ziwa halijambo. Umeuliza hali, umejibiwa. Sasa nisikilize.

Umenitumia chumvi. Mimi! Mimi niliyezaliwa na chumvi kwenye kucha, unaniletea chumvi ndani ya sanduku! Narh alicheka mpaka akajishikiza kwenye tairi. "Dede," ananiambia, "miaka kumi na tisa nabeba chumvi kutoka hapa kwenda kaskazini, leo ndiyo mara ya kwanza naileta huku." Kijiji kizima kimeshasikia. Jana muuza samaki kaniuliza kama nataka aniagizie na mchanga kutoka jangwani.

Barua yako nilisoma nusu. Nilipofika kwenye kiharusi cha Baba nikaichana, na vipande nikawashia moto. Chumvi unayoitukana ndiyo iliyokuvisha sare ya shule. Mama alikuwa anaichota mpaka vidole vinapasuka, anavipaka mafuta ya shea, kesho anarudi tena majini. Na mpaka leo wanunuzi wa Kumasi hawapakii gunia hata moja mpaka yeye aonje. Anaweka punje ulimini, anafumba macho, watu wote kimya. Akisema "pakieni," wanapakia. Chumvi ya kwanza ya msimu haiuzwi wala hailiwi mpaka ipite kwenye ulimi ule, unajua vizuri. Narh anasema umeagiza nimpikie hii mpya. Sasa ulimi huo nikaulishe unga wenu wa maabara?

Halafu nasikia kazi yenyewe ni kukusanya mikojo. Narh kakuona barabarani na dumu. Korkor, toba! Shule yote ile, ukabebe mikojo ya watu?

Kizunguzungu kilikuwa cha jua. Miguu inavimba kwa sababu ana miaka sabini na moja. Sanduku lako liko chini ya kitanda changu na litakaa huko mpaka panya waamue. Mama alimwona Narh akilishusha, kauliza, "Korkor kaniletea nini?" Nikamwambia ni vitabu vyako vya zamani.

Dada yako, kwa kuwa sikuchagua,
Dede


Bolgatanga, 12 Novemba

Dada Dede,

Hamjambo huko? Vumbi limeshaanza huku, midomo imetupasuka wote. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikalia, nikacheka tena nilipofika kwenye dumu.

Ndiyo, ni mikojo. Mtu anakojoa humo siku nzima, mchana na usiku, nasi tunajua kala chumvi kiasi gani. Mdomo unadanganya, Dada. Kila niliyemuuliza aliniambia, "Mimi? Mimi situmii chumvi." Dumu likasema mara mbili ya kinachofaa, wengine mara tatu. Mtu mzima anatosheka na kijiko kimoja cha chai kwa siku, na humo ndani uhesabu samaki wa chumvi, na vile vibonge vya supu, na mkate. Pima ya Mama siku moja tu, uone. Na kosa si la ziwa letu. Ya kwetu na ya dukani ni ile ile, kinachoua ni wingi. Pale kaburini nilisema kama mtu aliyerukwa na akili, nisamehe.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Zile pakiti nilizichukua stoo bila ruhusa. Ni za utafiti, kila moja ina namba. Daktari Ayamga, mkuu wetu, akijua, nimekwisha. Lakini kila siku nawapa mama za watu wengine chumvi ya kuwalinda, wananibariki, wananipa karanga niende nazo, nami narudi chumbani najiuliza, na wangu je? Nilivumilia miezi mitano. Wa sita nikashindwa.

Nakuomba, Dede. Nichukie mimi, lakini Mama mpikie. Nikisikia lori linaingia mjini roho inanipaa, nadhani Narh ananiletea habari ya msiba.

Mdogo wako,
Korkor


Songor, 3 Desemba

Korkor,

Tu wazima.

Haya, umeshinda. Mama anaila chumvi yako. Nesi wa Kasseh kampima: mara ya kwanza mia na themanini na mbili, juzi mia na hamsini na nane. Kashangaa, kauliza tumefanya nini.

Mama alinung'unika wiki mbili kwamba chakula changu kimepoa kama maji ya kuoshea vyombo. Alimwambia Mamle wa jirani kwamba nimekuwa bahili uzeeni. Uzeeni, mimi! Sasa kanyamaza na sahani anaimaliza.

Lala usingizi basi. Na usiniandikie tena habari za kuiba, barua zinasomwa na watu.

Dada yako,
Dede


Bolgatanga, 20 Desemba

Dada,

Sina salamu leo, nisamehe. Acheni ile chumvi. Ukimaliza mstari huu nenda jikoni ukaimwage, ndipo urudi kusoma.

Umeimwaga? Sikiliza sasa. Jana mwanamke mmoja katika kijiji changu aliondolewa kwenye utafiti. Nikamuuliza nesi kwa nini, maana ndiye aliyekuwa na presha kubwa kuliko wote. Akaniambia damu yake imeonyesha figo zimechoka. Figo nzima huitoa ile potasiamu kwenye mkojo, haina neno. Figo mbovu huiacha ikajaa damuni, na ikizidi moyo unapoteza mpigo. Unaweza kusimama tu, mtu amekaa. Ndiyo maana kila mtu anatolewa damu kabla ya kupewa hata pakiti moja. Nami miezi yote hii nilidhani ile damu ni ya kupima sukari! Mimi ni mbeba mizani, Dede. Nilijua nusu ya jambo, nikalituma nyumbani ndani ya sanduku.

Mama hajapimwa figo na mtu yeyote. Presha ya miaka mingi inaziharibu figo, nesi kasema. Na miguu yake inavimba. Mimi nilikuwa naulizia ile miguu na bado sikuona kitu.

Kama anaishiwa nguvu, kama moyo unamruka, kimbilieni hospitali. Nimempigia Mamle, simu haipatikani, watu wanasema yuko Tema kwa mwanawe mpaka Mwaka Mpya upite. Narh anaondoka jioni hii. Nimemwambia asilale njiani.

Korkor wako


Songor, 23 Desemba

Mdogo wangu Korkor,

Tulia. Kaa chini kwanza. Nimemwambia Narh akupigie akwambie neno moja tu, "tulia," na haya mengine uyasome mwenyewe, kwa sababu sikutaka yapite mdomoni mwake yakafika sokoni.

Mama hajaila chumvi yako. Nilikudanganya. Sanduku liko chini ya kitanda pale pale nilipolisukuma kwa mguu mwezi wa kumi. Nimecheka mwenyewe leo, maana ukaidi wangu umewahi kunitia hasara nyingi, hii ndiyo mara ya kwanza umefanya kazi ya maana.

Ukiuliza, presha imeshukaje? Hili nalo nitakwambia, na usinirudishie siku nyingine tukigombana. Nilipima kama ulivyosema. Nilichota chumvi ninayotia sufuriani siku nzima, nikaigawa kwa vijiko vya chai, nikahesabu vijiko tisa, na tunakula watu wawili! Nilikaa pale kwenye kigoda nikavitazama. Nikamkumbuka Baba na samaki wake, alivyokuwa ananyunyizia juu ya chumvi chumvi nyingine. Tangu siku ile natia nusu, na vibonge nimeacha. Sikukwambia kwa sababu ningekuwa nimekubali kwamba kaburini ulisema kweli. Nikaona heri useme ni pakiti zako.

Kwa hiyo sherehekea Krismasi yako. Narh anapumzika nyumbani, atapanda kaskazini baada ya Mwaka Mpya. Mama anakusalimu. Hajambo, ila huu upepo wa vumbi umemchosha, anasema miguu mizito kama ya kukopa, na moyo unamrukaruka akiinama. Ni baridi ya alfajiri tu. Na uzee umeshafika kwenye ulimi, inasikitisha. Juzi ananiambia chumvi ya mwaka huu inamwachia uchungu nyuma ya ulimi. Chumvi ile ile aliyoionja mwenyewe mwezi wa tatu akasema "pakieni"! Sikumbishia. Usimwambie mtu, wanunuzi wakisikia tumekwisha.

Dada yako,
Dede


Ujumbe kwenye simu ya Mamle, 5 Januari, saa nne asubuhi

Mamle, tafadhali mkimbilie Dede sasa hivi umsomee. DADA: Barua yako ya tarehe 23 nimeipata leo. Vuta sanduku uhesabu pakiti. Uchungu nyuma ya ulimi ni wa chumvi YANGU. Nilikuandikia kwenye barua ya kwanza, ile uliyoichana. Ulimi wa Mama haujazeeka. Hesabu. Korkor


Kutoka simu ya Mamle, 5 Januari, saa tano kasoro

Saba zimekatwa kwa wembe. Zimekunjwa vizuri zikarudishwa chini kabisa, nzima juu. Mama amelala hawezi kuinua mkono. Naita jina lake anaitika kwa mbali. Mume wa Mamle ametafuta gari la samaki. Korkor nimefanya nini. Dede


Ujumbe kwenye simu ya Mamle, 5 Januari, saa tano

Waambie madaktari neno hili: potasiamu. Mwandikie Dede mkononi kwa kalamu asilisahau. Waambie kaila zaidi ya mwezi. Wapime figo na moyo HARAKA. Niko kituo cha basi. Korkor


Bolgatanga, 9 Februari

Dada yangu Dede,

Nawasalimu wote wawili. Mama kaamkaje? Anakula? Miguu ikoje leo? Nijibu hayo kabla ya mengine. Nimefika salama, ingawa basi lilituharibikia Kintampo tukakaa saa tisa kando ya barabara, na saa zote hizo nilikuwa naiona ile mashine ya hospitali ikichora moyo wa Mama. Bado naiona. Nikifumba macho, ule mstari unapanda, unangoja, unangoja, halafu ndiyo unashuka.

Daktari alisema siku moja zaidi tungemkosa. Siku moja. Barua yako ilikaa kwenye lori la Narh siku kumi na tatu.

Nimeshamwambia Daktari Ayamga. Niliingia ofisini nikasema nikiwa nimesimama, yote, kuanzia stoo. Alivua miwani. Nilidhani ataniita mwizi. Akauliza, "Mama yako yuko hai?" Nikasema yuko hai. "Basi kaa," akasema. Ameniondoa majikoni. Kama nitabaki kazini au la, kikao kitaamua, na lolote watakaloamua ni haki. Lakini kwanza aliniamuru nisimame mbele ya wenzangu wote niwaeleze nilichofanya. Nilisimama. Nikaeleza. Tulipotoka, mwenzangu mmoja mwenye wajukuu alinifuata hadi kisimani. "Mimi nimempelekea mke wangu pakiti tatu," akasema, "naye ana sukari miaka kumi." Alikuwa analia. Alipanda pikipiki saa ile ile kwenda kwao. Jana karudi, mkewe amepimwa, figo ni nzima, lakini wamezichukua pakiti zote.

Chumvi yenyewe si mbaya, Dada. Hilo nataka ulijue. Kwa aliyepimwa ni kinga, presha za vijiji vyangu zinashuka, nimeona kwa macho yangu. Mbaya ni mtu kama mimi, aliyesikia tangazo la nusu akakimbilia nyumbani nalo.

Nayarudia maneno ya Mama pale kitandani, sauti ilipomrudia. Wewe ulimwuliza, "Mama, kwa nini?" Akasema, "Chakula chako hakikuwa na ladha, nikatafuta chumvi. Nikakuta sanduku la vitabu, nikaona ni chumvi. Ina uchungu, nikajua hii si ya kwetu. Lakini mtoto ananitumia kitu kutoka mwisho wa nchi, dada yake anakificha kama mzoga. Nifanyeje? Nikala." Kaila ikiwa chungu, Dede! Ulimi unaowatisha wanunuzi wa Kumasi ulimwambia ukweli kila siku, naye akaunyamazisha kwa sababu ilitoka kwangu. Nilipomwambia bibi wa huku anaiita chumvi yenye mkia, alicheka mpaka nesi akaja mbio. Mimi sikuweza kucheka.

Mimi niliiba, wewe ukaficha, Mama akala. Uliponishika mkono pale hospitali nilikuwa nangoja useme "si nilikwambia?" Hukusema. Siku zote zile hukusema. Sema tu, Dada, nipumzike.

Mdogo wako,
Korkor


Songor, 2 Machi

Mdogo wangu Korkor,

Sote wazima kwa kiasi chetu. Mama kaamka vizuri, kala uji, kamtukana jogoo. Miguu imepungua, lakini si kama zamani. Daktari hakutuficha: figo zilizokufa hazirudi, tulinde zilizobaki. Kila wiki mbili nampeleka atolewe damu. Chumvi nusu kijiko kwa siku, ile yako hapana kabisa, ndizi hapana, maharage hapana. Nampikia bamia kwa ndimu, tangawizi, pilipili na vitunguu vya Narh. Anasema sasa ni chakula, ila bado anachungulia chini ya kitanda changu. Hakuna kitu. Pakiti zilizobaki niliwapa hospitali.

"Nilikwambia" sisemi. Ningeisemaje? Wewe uliniandikia kila kitu, na mkia wa chumvi ukauandika, mimi nikawashia moto. Wewe ulinitumia nusu ya jambo, mimi nikasoma nusu ya hiyo nusu. Halafu nikakudanganya, halafu Mama aliponiambia kwa kinywa chake kwamba ana uchungu ulimini, nikamhesabu mzee. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Mimi nilificha chumvi, ikataka kuniumbua kwa kifo cha Mama yangu ndani ya nyumba. Nikimwona amelala mchana naenda kuweka mkono puani pake. Anaamka ananiuliza kama nimeanza kazi ya polisi. Sitaacha.

Na mimi nimepimwa presha. Usiniulize namba. Nameza vidonge.

Sasa habari yenyewe. Ziwa limekauka vizuri mwaka huu, chumvi ikaganda, na Jumanne mwenye ziwa alitoa ruhusa ya kuchota. Nilishuka na wanawake wengine, nikachota karai la kwanza, nikaja nalo nyumbani. Wanunuzi wa Kumasi walikuwa wameshafika uani, wanne, wamekaa juu ya magunia matupu. Mama alitaka atolewe nje. Tulimkalisha pale kwenye kigoda chake, na shuka miguuni. Mimi nimelishika karai kwa nguvu, maana miaka yote anachota kwa vidole vitatu, anatia kinywani, anatafuna. Nilitaka kusema mwaka huu tuache. Nilitaka kusema nitaonja mimi. Akanitazama usoni, akanyoosha kiganja.

Nikamtilia punje moja. Ndogo, Korkor, ungeitafuta kwa miwani. Aliitazama, akanitazama mimi, nikadhani atanitukana mbele ya wageni. Akaiweka ulimini akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko miaka yote. Kuku wakapita, hakuna aliyewafukuza. Machozi yalimtoka yakashuka mpaka kidevuni, na yeye hakuyafuta.

Akasema, "Haina mkia. Pakieni."

Wale wanaume wakainuka, kelele zikaanza, gunia la kwanza likafunguliwa. Mimi nimegeuka kwenda zangu jikoni nikalie. Akaniita. "Dede, ngoja." Akatia kidole karaini mwenyewe, akatoa punje nyingine. Nikamshika mkono. "Niache," akasema, "si yangu hii. Ni ya Korkor. Msimu uliopita hakuonja, na huu hayupo. Mwambie Mama yake anamwonjesha."

Basi imo ndani ya karatasi hii, kwenye mkunjo wa chini, fungua polepole isianguke. Najua ulichoapa kaburini. Najua na mizani yako iko hapo mezani, kama hawajakunyang'anya. Iweke ulimini, ufumbe macho. Usiipime.

Dada yako,
Dede